Breki Zilizopakwa Dawa ya Mchwa

Newala, Jumanne

Na bado Baba Zuhura, mume wangu, anasema kosa ni la matairi!

Matairi niliyachagua mimi. Ya baiskeli ni membamba, yalikuwa yanazama kwenye mchanga wetu, nikataka ya pikipiki. Gari letu la mashindano, tulilojiundia kwa betri ya lori na mota ya stata, likatulia kabisa. Nikamwachia mume wangu breki tu. Breki tu!

Siku hizi spea za mtumba zimejaa Masasi, lakini Baba Zuhura akachonga za mti, akazivika vipande vya tairi kama soli za katambuga. Sawa. Kisha akapaka mafuta ya maganda ya korosho, kama tunavyopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Akapaka mpaka kwenye raba. Gari la mbio, yeye anaogopa mchwa!

Leo kwenye mteremko alikanyaga breki, zikateleza, akaingia na gari lote kwenye lundo la mabibo, matunda ya mkorosho, ya mama yangu, aliyekuwa anayakamua kwa ajili ya pombe ya uraka.

Sauti ikatoka ndani ya lundo: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Zuhura," mama akajibu huku anakamua. "Karibu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa sicheki. Jumamosi ni mashindano Masasi, na chini ya mteremko wa kule hakuna mabibo. Kuna ukuta, na mimi...

Nilimwambia azing'oe zile breki. Akanuna. "Angalau mchwa hawatazigusa."

"Na wewe je," nikamuuliza, "tukikuzika, umejipaka?"