Mfupa Ulikuwa Wangu

Baba,

Sikuulizi hali. Ningekuuliza ningekuwa mnafiki. Mimi ni mzima, na mkono wangu wa kulia ni mzima pia; ndio huu unaokuandikia.

Nina hasira nawe. Tangu tukuzike nangoja ipungue, haipungui.

Ulikuwapo pale Mafinga gogo lilipoporomoka kwenye lori la mbao likanisaga mifupa ya mkono. Hospitalini ukamwambia daktari, "Kata tu, atazoea." Mimi nikasema hapana, mbele ya watu. Daktari akachukua kipande cha mfupa wa mguu wangu mwenyewe, akaziba nacho pengo la mkononi. Ulikaa kando ya kitanda ukaona bandeji mguuni na plasta mkononi. Ulielezwa, ukaitikia kwa kichwa.

Halafu nyumbani ukasema nini? "Mkono yake wameweka mfupa ya maiti. Asinipikie." Kijiji kizima kikakuamini, kwani baba mzazi atamsingizia mwanawe? Ugali wangu wakala mbwa. Mchumba wangu akaghairi. Yote hayo kwa sababu nilikukatalia mara moja! Ulikuwa na roho mbaya, Baba. Nasema hivyo huku nalia, maana nilikupenda.

Ulipougua, ukashindwa hata kunyanyua kikombe, nani alikulisha? Nilikuletea kijiko cha uji kwa mkono wa kulia, ukafumba mdomo. Nikakihamishia kushoto, ukanywa. Wewe, uliyenichapa utotoni kwa kumpa mgeni maji kwa kushoto.

Matangani shangazi naye aliisukuma sahani yangu. Nikapandisha kanga, nikamshika kidole, nikakipitisha kwenye shimo la muundi wangu. Nikamuuliza, "Mfupa wa hapa ulikwenda wapi, shangazi?" Akasema, "Kumbe kaka alijua?" Alijua, nikamjibu. Akanawa, akala, akaomba mboga tena.

Siku hizi wanakula kwangu, nami sikusitiri. Anayeuliza namwambia ulivyonifanyia. Najua marehemu hasemwi, lakini mimi ulinisema ningali hai.

Nimeposwa tena, na mwaka huu naolewa. Nikijaliwa mtoto wa kiume, ukoo utataka aitwe kwa jina lako, kama desturi yetu ilivyo. Hataitwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Kwaheri, Baba. Jina lako litabaki kwenye msalaba wa kaburi lako, mpaka mvua ilifute.

Mwanao