Niliyoulizwa Jikoni

Buyenzi, Bujumbura
Septemba 1995

Kwa kaka Uthmani, wa tumbo moja nami,

Asalaam aleikum. Natumaini Kigoma ulikokimbilia imekupokea vizuri na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tungali hai, alhamdulillahi, ingawa upande wa milimani risasi zinalia tangu Jumatatu. Baba anafungua duka la vitambaa asubuhi tu. Mkewe, Bi Jokha, hajabadilika: kwake mimi bado ni mtoto wa yule Mhutu.

Kaka, nina wivu. Namwonea wivu Alya, mtoto wa baba yetu kwa Bi Jokha. Baba mmoja, lakini yeye kachukua rangi na nywele za Kiarabu, mimi nimechukua kila kitu kwa marehemu mama. Zamani niliumia kwa mambo madogo tu, nani kasifiwa harusini. Sasa uso umekuwa kitambulisho. Wakubwa wanagombana huko juu, sisi huku chini tunapimwa pua. Alya anapita popote.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka sokoni Jabe, tukakuta vijana wa Kitutsi wamefunga barabara, wanatafuta Wahutu. Alya wakampungia mkono apite. Mimi wakanishika. Alya akasema mimi ni dada yake. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ndipo Alya akawaambia, "Mumuache basi, uyu ni boyesse wetu, nani atatupikia?" Wakaniachia. Niliokolewa kwa kufanywa mtumishi, na badala ya kushukuru nikamchukia. Wiki nzima sikumjibu salamu.

Kisha ikaja posa. Nawaf, kijana wa Maskati, alimtuma shangazi yake kutoka Dar. Alya angeolewa, angepanda ndege, vita hivi angevisikia redioni. Mimi ningebaki na vizuizi vya barabarani. Desturi unaijua: wenye posa hunywa kahawa sebuleni, lakini ukweli huutafuta jikoni. Yule bibi akanikuta napepeta mchele, akanidhania mtumishi, akaniuliza kwa kunong'ona kama binti ana afya.

Nilimwambia ana kifafa. Nikaongeza kwamba huanguka kila mwezi unapoandama. Kaka, Alya hajawahi kuugua hata jino! Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Alya ndimi. Bibi aliondoka siku ile ile, hakutaja sababu.

Bi Jokha akaitafuta sababu, akaipata kwangu: eti shangazi ameona mtoto mweusi wa Kihutu nyumbani, ndiyo maana posa imevunjika. Akamtaka baba anirudishe kwa watu wa mama, Gatumba, na njia ya huko unaijua ilivyo sasa. Baba akachukua funguo za duka, akatoka. Alya ndiye aliyesimama. Alisema wasiomtaka dada yake hawamtaki yeye, na nikiondoka tunaondoka wawili. Tangu siku hiyo amehamishia godoro lake chumbani kwangu.

Hivi ninavyoandika amekaa hapa, anashona vifungo vya kanzu ya baba. Ananiuliza naandika nini kirefu hivi, na anasema nikusalimu, wewe kaka yake. Nilitaka kukuomba ushauri, lakini jibu lako litachukua mwezi, na mwezi mzima siuwezi. Nitampa aisome kabla sijafunga bahasha. Barua hii ikikufikia, jua ameisoma.

Nisalimie shemeji na watoto. Utuombee sisi wawili.

Mdogo wako,
Soumaya