Udongo wa Makoponi

Siyu, 28 Mei 1966

Mwanangu Aqil,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti. Sijui kifua chako huko bara. Shamba ndilo gonjwa. Tumbaku imedumaa, majani yamejaa madoa, na yote yameanzia mpakani kwa Hadia. Unalijua jicho lake. Nimemuuliza, akasema nimwombe radhi. Mimi? Ijumaa ya tarehe kumi Maalim Badawi atatusomea Halbadiri, tumwapize aliyeniletea balaa hili, yeyote awaye, asipone maradhi.

Mamako,
Mwanaarabu

Kituo cha Kilimo, 14 Juni 1966

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua bado kinanisumbua, lakini kazini nakwenda. Barua yako imefika leo. Natumai Ijumaa ile mvua iliwazuia.

Hadia hana kosa. Huku nako tumbaku imedumaa, na mkubwa wetu amenionyesha mzizi kwenye darubini. Kuna kuvu dogo mno udongoni. Udongo ukirowa, huogelea mpaka mzizini, na likiingia huingia na virusi, navyo ndivyo vinavyouumiza mmea. Kitalu chetu kimejaa kuvu hilo. Mama, miche niliyokuletea kwenye makopo ilitoka kitalu hicho. Nikakwambia usikung'ute udongo wake, nawe ukaipanda mpakani penye maji. Aliyekuletea balaa ni mimi.

Usimwazime mtu jembe. Udongo ulioganda jembeni unatosha kulieneza. Na kamwombe radhi Hadia. Kisomo cha watu sikiogopi, mama. Hiki chako nakiogopa.

Mwanao,
Aqil

Siyu, 2 Julai 1966

Aqil mwanangu,

Kifua je? Nijibu hilo kwanza.

Tulisoma. Mvua haikunyesha. Hadia alikuja bila kualikwa, akaketi mbele, akaitikia kwa sauti kunishinda mimi: "Amin. Aloleta, Mngu amlipe." Nikamwona mnafiki. Jana nimempelekea barua yako. Ameisoma mara mbili, akakulilia wewe, kisha akafunga mlango. Radhi hakunipa, na ana haki: jembe langu aliliazima baada ya mimi kupanda miche yako, na sasa tumbaku yake ina madoa.

Nimechinja mbuzi, nimetoa sadaka. Radhi zangu unazo, dunia na akhera. Andika hata mstari mmoja.

Mamako

Siyu, 6 Agosti 1966

Mwanangu,

Barua zimekuja mara tatu kutoka Lamu, yako hamna. Tumbaku yote nimeing'oa.

Leo Hadia amenisemesha, mara ya kwanza tangu afunge mlango. Aliniuliza kama umeandika. Nikamwambia umeandika, u mzima.

Usinifanye mwongo.

Mamako