Alama Mia za Raihanah

Banjarmasin,
Jumamosi, 14 Aprili

Kaka yangu mpendwa Syarkawi,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Jumiati na wanao, na kwamba lile bega limeacha kukusumbua. Mama anaendeleaje na macho? Mwambie matone aliyoagiza nimeyapata. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na nimekaa kukuandikia nisije nikamtapikia mtu asiyehusika.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwezi wa Januari, nikifurahi kwamba idara ya elimu imeniteua kwenye kamati ya kutunga mtaala wa watoto waliolazwa hospitalini na wale wanaopona nyumbani. Ulinijibu kwamba hatimaye wametukumbuka sisi walimu wa zamani, tuliotoka sekondari tukapewa chaki siku ya pili yake. Nilikuwa nimefundisha wodi ya watoto miaka mitatu bila mtaala wowote, nikiokota ukurasa hapa na ukurasa pale. Nikaona sasa watoto hawa watapata shule ya kweli. Kila mkutano niliuandika katika shajara yangu kwa tarehe, kama unavyonijua, na kurasa hizo ninazo mbele yangu leo.

Mkutano wa kwanza ulikuwa tarehe 16 Januari, katika chumba chenye baridi ya mashine. Kila mmoja alipewa kiboksi chake cha vitafunio. Bwana Gazali wa idara aliongea huku akila, mafuta yakimshuka kidoleni hadi kwenye rasimu. Mtaalamu aliyeletwa kutoka Jakarta, Bi. Pramesti, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza paka, alitueleza kwamba mtoto mgonjwa hapaswi kuambiwa amekosea. Kosa ni maumivu, alisema, na maumivu wanayo tayari. Basi wino mwekundu ukafutwa. Mtihani ukafutwa. Hata ile insha ya kueleza utakuwa nani ukiwa mkubwa, ambayo kila mtoto wa nchi hii huandika kila mwaka mpaka akaichukia, nayo ikafutwa, kwa sababu, alisema akishusha sauti, si wote watakaokuwa wakubwa. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaendelea kutafuna. Nilitaka kusema kwamba wengi wa watoto wangu wamevunjika miguu au wana homa ya dengi, na watamzika yeye. Lakini mdomo wangu nao ulikuwa umejaa keki.

Tukauita Mtaala wa Tabasamu. Kila somo linaanza kwa wimbo na kuisha kwa alama mia. Mia kwa kila mtoto, kwa kila kazi, na kibandiko cha jua linalocheka. Nilipouliza kama aliyekosea kuzidisha naye apewe mia, Bwana Gazali aliniambia, “Mama Masniah, hesabu waachie watu wa benki. Sisi hapa tunagawa mapenzi.” Chumba kizima kikacheka. Ilipopigwa kura nilinyoosha mkono pamoja nao.

Sasa nikueleze habari za Raihanah. Ni msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, mwenyeji wa huko huko kwenu Kandangan. Mama yake, Noorsehan, anauza wali wa ketupat, ule wa kufungwa kwenye majani, na samaki sokoni. Mtoto aliletwa na usaha ndani ya mfupa wa paja, akapasuliwa mara mbili, akakaa na dripu wiki nyingi. Mdomo anao. Siku ya kwanza aliniuliza kama mimi ni mwalimu kweli au ni mmoja wa wale wanaokuja kupiga picha. Muuguzi mmoja mwenye manukato makali alimwita Mama Ubani, mpaka wodi nzima ikafuata.

Mwezi wa Machi tulianza kuujaribu mtaala wodini. Wiki ya kwanza Raihanah aliandika saba mara nane ni hamsini na nne, nikampa mia, akacheka. Wiki ya pili akaanza kukosea makusudi. Aliandika kwamba mji mkuu wa nchi yetu ni bata. Nikampa mia na jua linalocheka. Kisha akaacha kucheka, na baadaye akaacha kuandika. Tarehe 27 Mama Ubani alitandika kitanda chake akakuta vidonge chini ya godoro, vimelowa mate na kukauka. Mtoto alikuwa anavitema. Kidonda kilikuwa kimeanza tena kutoa maji, na homa imerudi. Daktari akasema wazi kwamba akiendelea hivyo, mguu utakatwa.

Mama yake alilia, wauguzi wakamgombeza, daktari akamtisha, wote kwa pamoja. Nilisubiri waondoke nikamwuliza kulikoni. Hakulia. Alinijibu kama anayenitajia bei ya samaki. Aliniambia nisimfanye mjinga. Shuleni kwao alikuwa anapata sitini, akijitahidi sana sabini na tano, na hapa anapata mia kwa bata. Watu hawagawi mia bure, alisema, isipokuwa kwa mtu anayekufa. Na kama anakufa, vidonge vichungu vya nini? Nikamwapia kwamba hafi, kwamba daktari ameona picha na mfupa unapona. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

“Na wewe ulisema hamsini na nne ni sahihi,” akaniambia.

Kaka, nilikwenda kwenye meza ya wauguzi nikaomba ile kalamu nyekundu wanayoandikia homa, nikarudi, nikazisahihisha kazi zake zote mbele ya macho yake. Jumla alipata thelathini na nane. Alikasirika. Akaniita mchoyo. Akasema swali la nne nimemkosesha kwa roho mbaya tu, na tukabishana mpaka mtoto wa kitanda cha pili akaomba tunyamaze. Mama Ubani akaja na vidonge, naye akavimeza huku kidole chake kikiwa bado juu ya swali la nne, nisije nikageuza ukurasa. Swali la nne, kusema kweli, alikuwa amepata yeye. Nikamrudishia alama zake. Tangu siku ile hajatema kidonge, na wa vitanda vya jirani wakaanza kunidai na wao wakosolewe, eti nampendelea Raihanah.

Habari zikafika kwenye kamati. Bi. Pramesti aliishika ile karatasi yenye wino mwekundu kwa ncha za vidole viwili, kama kitambaa kilichofutiwa makamasi, akasema huo ni ukatili kwa mtoto. Nilimweleza habari za vidonge. Akaniambia kisa kimoja si utafiti. Bwana Gazali yeye aliuliza tu kama nataka kumharibia uzinduzi.

Uzinduzi ulikuwa Jumanne iliyopita. Walitundika bango refu kuliko wodi. Mtu mzima alivaa vazi la jua akawa anarukaruka kati ya vitanda. Watoto walisukumwa nje na dripu zao wakaimbe, na mmoja, Fikri, mtoto wa miaka sita mwenye ugonjwa wa figo, akaanza kutapika katikati ya wimbo. Mpiga picha aliomba beseni lisogezwe. Halikusogezwa beseni tu, Kaka. Walimsogeza na Fikri. Kisha kila mtoto akapewa Cheti cha Furaha chenye mhuri, ambacho hakuna shule itakayokipokea. Wanaokwenda kupona nyumbani walipewa kitabu ambamo mama atachora tabasamu kila siku, na hapo somo limekwisha. Jina langu limo ukurasa wa pili, kwa herufi za dhahabu. Niliomba lifutwe. Wakaniambia vimeshachapwa.

Kinyaa hiki hakiishii hapa mjini. Kinafika mpaka kwako, na unisamehe kukutamkia, maana wewe ni mkubwa wangu. Kila mwaka shule yako huzipandisha alama za darasa la sita kwa kapi, kama ndoo ya kisima, mpaka wote wafaulu. Sikukuu iliyopita tulikaa kwa Mama tukacheka habari za yule kijana wako aliyelala na arobaini akaamka na themanini. Ulisema kila shule inafanya, na ni kweli. Ukasema ni kuwaonea huruma watoto wa watu. Nimeisikia huruma hiyo miezi mitatu, kwa sauti laini, na sasa inanuka kwangu popote ilipo.

Sasa nikuambie nililofanya. Raihanah ameruhusiwa kurudi nyumbani. Dawa atameza miezi mitatu mingine, bila muuguzi wa kumchungulia kinywani. Aliniuliza huko nani atamsahihisha. Nikamjibu kwamba ni wewe. Nikamwambia Mwalimu Mkuu Syarkawi ni mchoyo wa alama kuliko watu wote wa Kandangan, hajawahi kumwongezea mtoto hata nusu, na kwamba umekwisha kubali afanye mtihani wa darasa la sita pamoja na wenzake. Nimekusingizia mchana kweupe, mbele ya mama yake. Mtoto akauliza, “Hata ukimlilia?” Nikasema hata ukimlilia. Akasema afadhali, akaanza kufunga nguo zake.

Barua hii sikuitia posta. Aliyekukabidhi, aliyesimama mbele yako kwa magongo wakati unasoma, ndiye yeye. Anakuchunguza uso. Usimpe pole kwanza; mpe kiti na karatasi. Akikosea, mwambie amekosea. Akifeli, mfelishe, arudie mwaka. Miaka anayo.

Nibusie mkono wa Mama, na umwambie nitamletea mwenyewe matone yake shule zikifungwa. Wifi nampa salamu nyingi, na watoto wote shangazi yao anawakumbuka. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, kwa barua, nami nitaisoma yote.

Wassalamu alaikum,
mdogo wako,
Masniah