Michembe na Akiba ya Chama

Segese, Alhamisi, Desemba 1996

Mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa bado ananikera. Mvua imegoma, pamba imekauka, wanachama wanaomba mikopo wapande upya, naye hataki akiba ya tahadhari, fedha tunazotenga kwa siku mbaya, ipunguzwe hata kidogo. "Kanuni ni kanuni," anasema.

Kikaoni leo Mama Shija, mmoja wa wanachama, akasimama na kumwambia mwenyekiti: "Baba Masanja, michembe tunaikata na kuikausha viazi vitamu vikiwa tele, tuile wakati wa njaa. Wewe unataka tuikaushe wakati wa njaa?"

Watu walicheka. Mwenyekiti akanigeukia mimi, katibu, nimtetee.

Nikaliandika swali la Mama Shija kwenye kumbukumbu za kikao. Kanuni hiyo niliiandika mimi, mwaka wa neema: kiwango kimoja cha akiba, mvua inyeshe isinyeshe. Mkutano wa kuibadili ni Juni, msimu wa kupanda ukiwa umeshapita.

Nami nimekuzwa kwa michembe; ningepaswa kujua.