Taa ya Nyuma Ilikuwa Nyeupe

Bukiriro, Ngara
11 Februari 2024

Mdogo wangu Wiston,

Pokea salamu za huku nyumbani. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikiinama shambani. Wewe je, kifua kimepona? Ule upepo wa barabarani usiuchezee. Vaa koti hata kama jua linawaka.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukisikia neno usilolitaka unasema mtandao umekata.

Siku ile ulipoondoka, jioni, nilikaa mlangoni nikikusindikiza kwa macho. Ulipofika kwenye kona ya kanisani nikaona mwanga mweupe unapepesa, umenielekea. Nikasema, huyu kasahau kitu, anarudi. Nikarudisha chungu mafigani nikupashie maharage. Nikangoja. Mwanga ukawa mdogo, ukawa kama kimulimuli, ukaisha. Kumbe ulikuwa unakwenda zako, na ile ilikuwa taa ya nyuma ya pikipiki yako.

Nilimsimulia Mjomba Thobias huku nacheka. Yeye hakucheka. Unajua alivyokuwa trafiki kabla ya kustaafu. Akasema, "Deodata, mbele nyeupe, nyuma nyekundu. Ndivyo sheria ilivyo, na haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Anayekuja nyuma yako gizani hana kingine cha kumwambia kama unakwenda au unakuja. Mwambie aing'oe."

Basi nimekwambia. Ing'oe, urudishe ile nyekundu iliyotoka na pikipiki dukani. Mama alikuacha mikononi mwangu ukiwa hujajua hata kufunga vifungo vya shati. Sijachoka kukulea.

Dada yako,
Deodata


Nyakanazi, Biharamulo
3 Machi 2024

Dada Deodata, shikamoo.

Mimi ni mzima, kifua kimepona, koti navaa. Nawe pole na mgongo. Nikija Pasaka nitakuletea ile dawa ya kuchua.

Barua yako nimeisoma kijiweni nikacheka mpaka Clever akaniuliza kulikoni. Clever ndiye fundi wetu, yeye ndiye aliyenifungia hiyo taa. Kasema nikupe pole ya maharage.

Dada, taa nyekundu kila mtu anayo. Hapa Nyakanazi bodaboda tumejaa kama nzige, na abiria anachagua kwa macho. Akiona nyuma kunawaka nyeupe na bluu kama ukumbi wa harusi, anakuja kwangu, anaacha wengine wanasinzia. Mjomba anasema sheria. Sawa. Mwezi uliopita trafiki walinisimamisha, wakaniambia toa hiyo kitu. Nikaitoa mbele yao, nikaomba samahani. Nilipofika kijiweni Clever akairudisha. Ndivyo tunavyoishi nao.

Halafu fikiria mwenyewe: nyeupe inaonekana mbali kuliko nyekundu. Malori ya kwenda Rusumo na Kabanga yananiona nikiwa bado mbali. Sasa hatari iko wapi? Wewe ulidanganyika kwa sababu ulikuwa unatamani nirudi.

Msalimie mjomba. Mwambie siku hizi dunia ina rangi nyingi.

Mdogo wako,
Wiston


Bukiriro, Ngara
9 Juni 2024

Mdogo wangu Wiston,

Nimefika salama. Nilikuacha umelala, sikutaka kukuamsha. Jeraha linaendeleaje? Clever aliniahidi atakuletea uji kila asubuhi mpaka uweze kujipikia. Ukiona mguu unawasha pale ambapo haupo, muuguzi alisema usiogope, ndivyo inavyokuwa.

Wiki zote zile kando ya kitanda chako sikukuuliza kitu. Mtu aliyekatwa mguu haulizwi maswali. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakusikia ukimwita Happy usingizini. Binti wa watu alizikwa kwao Lusahunga wewe ukiwa hujitambui. Mshonaji, ulimpakia alfajiri kumpeleka gulio la Benaco akanunue vitambaa, na hakufika.

Sasa niko mbali, na naona ni afadhali. Kuna jambo siwezi kukuuliza nikikutazama.

Unamkumbuka yule mwanamke aliyekuja wodini na mtoto mgongoni? Ulipomwona uligeukia ukutani. Jina lake Uwimana, mke wa Nimpaye, dereva wa lile lori lililowagonga. Alisema nami Kirundi nami nikamjibu Kihangaza, tukaelewana kama watu wa nyumba moja. Mumewe yuko mahabusu. Watu walimpiga pale barabarani kabla polisi hawajafika, na jicho moja halioni tena. Wote wanasema alikuwa amesinzia kwenye usukani.

Alinishika mkono akaniambia, "Dada yangu, mume wangu anasema aliona taa nyeupe inamjia kwenye ukungu. Hawamwamini, wanasema ni mgeni anajitetea. Huyu kijana wako amewaambia polisi taa yake ilikuwa nyekundu. Kama ilikuwa nyekundu, niambie. Nirudi kwetu nikijua nimeolewa na muuaji."

Nikamjibu, "Sijui."

Wiston, nilimjibu sijui, naye akanishukuru.

Taa ile iko wapi?

Dada yako,
Deodata


Nyakanazi, Biharamulo
23 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Najaribu kutembea na magongo. Kwapa zinauma kuliko mguu. Mwenye nyumba amenihamishia chumba cha mbele ili nisipande ngazi.

Umeuliza, nitakujibu mara moja tu, kisha barua hii uichome.

Clever alifika pale kabla ya polisi. Pikipiki ilikuwa imekunjamana mtaroni. Akazing'oa zile taa na nyaya zake zote, akazitia kwenye koti. Nilimwona. Nilikuwa nimelala chali siwezi hata kuinua mkono, nikamwona anafanya, na nilijua kwa nini anafanya. Polisi walikuta nyuma kumevunjika tu, wakaniuliza, nikasema ilikuwa ile ya kiwandani.

Unataka kujua ilivyokuwa? Ukungu ulikuwa mzito, manyunyu yananipiga usoni. Nikasikia ngurumo ya lori nyuma. Nikasogea kushoto, pembeni kabisa, nimpishe apite. Naye, nadhani, aliona taa nyeupe mbele yake akajua ni pikipiki inamjia, imepotea upande. Akakwepa kushoto anipishe. Tulikuwa tunapishana, dada. Kila mmoja alimpisha mwenzake, tukakutana mahali pamoja.

Lakini na yeye alikuwa na mwendo. Ukungu ule mtu mzima anakwenda taratibu. Taa haikumuua Happy, lori ndilo lililomuua. Nimpaye ana tajiri wake, atamtafutia wakili, atatoka. Mimi nina nani? Nikisema, nafungwa mimi na Clever pia, na Clever ndiye ananiletea uji. Mguu wangu haujatosha?

Tafadhali nyamaza. Umenilea, maliza kunilea.

Mdogo wako,
Wiston


Bukiriro, Ngara
14 Julai 2024

Mdogo wangu Wiston,

Natumaini magongo umeyazoea. Funga kitambaa laini pale juu, kwapa zisichubuke. Huku kahawa inaiva na ndege wameishambulia.

Barua yako nimeichoma kama ulivyosema. Niliyoyasoma hayakuungua.

Tajiri wa Nimpaye hajaonekana. Uwimana alinipigia kwa simu ya jirani. Lori lilipotolewa polisi, tajiri alitafuta dereva mwingine, safari zikaendelea. Wakili aliye naye ni wa msaada tu. Amemwambia kesi itasikilizwa mwezi wa nane, na bila mtu aliyeiona ile taa hakuna cha kumtetea.

Mimi niliiona.

Wiston, nisikilize. Ningekuwa nimesikia tu kwa watu, ningekaa kimya. Lakini ile taa ilinidanganya mimi mwenyewe, hapa mlangoni kwangu, jioni bila ukungu, nami nakujua tangu hujaota meno. Yule mtu asiyekujua angeonaje tofauti? Namfikiria amekaa mahali anajiuliza kama kweli alilala, maana kila mtu anamwambia alilala. Mtu akiambiwa sana huanza kuamini.

Nilikwenda kwa Mjomba Thobias nimwombe tuende pamoja, aeleze sheria. Akasema, "Sheria niliitumikia kwa mshahara. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Mimi siendi, na wewe ukienda usipitie hapa kwangu."

Kwa hiyo nitakwenda peke yangu. Lakini nakuomba unitangulie. Nenda polisi mwenyewe, mwambie mpelelezi ulikuwa na maumivu, ulichanganyikiwa, sasa unasema kweli. Ukisema wewe, utakuwa mtu aliyekosea akarudi. Nikisema mimi, utakuwa mtu aliyekamatwa. Nitasubiri mpaka siku ya kesi. Nitafurahi nikifika nikaambiwa sihitajiki.

Dada yako anayekupenda,
Deodata


Nyakanazi
28 Julai 2024

Deodata,

Nimepata barua.

Clever ameisoma, nilimpa mimi. Amesema ukifika mahakamani Biharamulo hatajua kama ni dada yangu.

Usije.

Wiston


Bukiriro, Ngara
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Wiston,

Habari za huko ndani. Unalala vizuri? Wanakuruhusu kukaa unapooga, au wanakusimamisha kwa gongo moja? Hayo ndiyo ninayoyawaza nikiwa shambani.

Najua ulikuwapo mahakamani, lakini hukunitazama hata mara moja. Ulitazama dirisha. Basi acha nikusimulie kana kwamba hukuwapo.

Nilishika Biblia nikaapa. Wakili wa Nimpaye akaniuliza nilichokiona, nikasema: mlango wangu, kona ya kanisani, taa nyeupe na bluu, maharage niliyoyarudisha mafigani. Watu wakacheka kwenye maharage. Kisha mwendesha mashtaka akasimama.

"Huyu shahidi mwenye magongo ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilimlea."

"Umegombana naye?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuahidi chochote?"

"Hapana."

"Sasa mama, kwa nini unamfanyia hivi?"

Wiston, nilikuwa nimeandaa maneno ya swali hilo tangu Bukiriro. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Kwa sababu yule pale hakulala." Nikamwonyesha Nimpaye. Yeye hajui Kiswahili kingi, akamuuliza mkalimani nimesema nini. Alipoambiwa alifunika uso wake kwa mikono. Sijawahi kuona mtu mzima akilia kwa jicho moja.

Nilikuwa bado stendi nikingoja gari nikasikia wamekuchukua, na kwamba Clever amewaonyesha polisi alipozifukia taa. Watu wa kijiweni walijipanga kando ya barabara. Hawakunitukana. Walizima pikipiki zao, wakanitazama mpaka gari likaondoka. Afadhali wangenitukana.

Nimpaye ameachiwa. Hataendesha tena, nani atampa lori mtu wa jicho moja? Uwimana anasema watalima. Huku kwetu jumuiya haijasali nyumbani kwangu tangu nirudi. Zamu yangu ikifika wanasema kuna msiba mahali. Mjomba tulikutana njiani, akavuka upande wa pili.

Nilikuja Jumapili na ndizi za kupika na maharage. Askari akarudi akasema huna haja ya mgeni. Nikamwomba chakula wapewe wasio na ndugu. Nitakuja tena. Ukikataa, watakula wao.

Sikuombi msamaha, maana ningeulizwa leo ningesema vilevile. Lakini nakulilia. Vyote viwili ni kweli.

Dada yako,
Deodata


Gerezani, Biharamulo
17 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzima. Hapa kuna mzee mmoja Mhaya ananisaidia kubeba maji. Wewe mgongo unaendeleaje? Usije kwa miguu kutoka stendi, ni mbali.

Nilikataa kutoka ulipokuja kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo ilikuwa inanishikilia nisianguke. Sasa imekwisha.

Nimekiri yote mbele ya hakimu: taa, uongo niliowaambia polisi, na kifo. Kifungo umeshakisikia. Clever naye amepata chake, analala chumba cha tatu kutoka hapa, hatusemeshani. Hakimu aliniuliza kama nina la kuongeza nikasema sina. Nilikuwa nalo. Nakwambia wewe.

Siku moja wodini ulikwenda kufua, mama yake Happy akaja. Anaitwa Francisca, mwembamba, anakohoa. Alikaa kwenye kiti chako. Akaniuliza, "Mwanangu alisema nini mwishoni?" Nikamwambia alikuwa anaimba wimbo wa kwaya. Dada, ungemwona uso wake. Alinibariki. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki. Nasikia mpaka leo ndivyo wanavyosimulia Lusahunga, kwamba Happy alikwenda akiimba.

Hakuimba.

Baada ya trafiki kunisumbua tena, Clever aliniwekea swichi kwenye usukani. Ukibonyeza, nyeupe inazimika, nyekundu inawaka. Ilikuwa ya kuwahadaa wao tu. Happy aliiona nilipokuwa nawasha pikipiki, akauliza ni ya nini, nikamweleza kwa majivuno. Tulipoingia kwenye ukungu alinigonga begani. Akasema, "Kaka, naogopa. Weka nyekundu, wa nyuma hawatatuelewa."

Kidole gumba changu kilikuwa juu ya swichi. Nikamwambia, "Tulia, sisi tunang'aa."

Hakusema kitu tena. Halafu nikasikia lori.

Nilitaka kukuomba uende ukamwambie mama yake. Kisha nikaona hapana. Wewe umekwisha kunisemea vya kutosha, na umelipia. Hili ni la kinywa changu. Nikitoka, kabla ya Bukiriro, nitashuka Lusahunga nimtafute. Sijui kama nitamnyang'anya kitu au nitampa. Lakini sitaki afe akiimba wimbo wangu.

Ni mzee yule mama, dada, na kile kikohozi si kizuri. Mwombee nimkute.

Mdogo wako,
Wiston