Hesabu Waliyoipigia Pua Yangu

Cibitoke, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijasema lolote, niambie kwanza magoti yako yanaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua ilikufikia au iliishia mpakani. Na maji ya ziwa, yamerudi nyuma au bado yanagonga ukuta wa jikoni? Sisi huku tunapumua. Baba Neema bado anabeba mizigo bandarini; mgongo unamsumbua lakini hajakosa kazi hata siku moja. Neema ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na neno analolijua kuliko yote ni "apana".

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako iko mikononi mwa Yaya Mateso, na kila nikipiga kaka yangu huyo anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza. Barua hii utapewa mkononi na Mama Sifa, yule muuza vitenge anayevuka kuja Uvira. Mwambie Shangazi Feza akusomee polepole, mlango ukiwa umefungwa. Ni habari ya ile ajali na ya hela za asiransi, ile bima ya magari. Najua huko zimeshagawanywa, za kiwanja na za mabati.

Mliambiwa kwamba niligongwa na gari nikatoka mzima. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimetoka sokoni na samaki na nyanya, nimepanda teksi kwenda Mutanga Sud, kwenye restora ya Mama Kevine nilikokuwa nikipika, pale wanapokula wanafunzi na walimu wa chuo kikuu. Kamyo ya kubebea mchanga, ya kampuni moja ya ujenzi, ilikosa breki ikatugonga ubavuni. Shoferi wetu alivunjika mkono. Mimi kichwa kilipiga kioo, nikabaki na uvimbe na damu kidogo puani. Hospitali walinilaza, wakanipiga picha ya kichwa, wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wenzangu wakaitikia amina.

Niliporudi nyumbani Baba Neema alinichemshia chai ya tangawizi. Niliinywa, ikawa kama maji ya moto tu. Sikumwambia kitu, nikafikiri ni dawa za hospitali, zitatoka mwilini na ladha itarudi.

Haikurudi. Siku niliyoanza tena kazi niliinjika maharagwe, nikageuka kukata vitunguu. Mama Kevine aliingia jikoni akikimbia, kitenge kimeziba pua, akaniuliza kama nimelala. Maharagwe yalikuwa yameungua chini hadi wateja wa meza za nje walikuwa wameinuka, na mimi niko hapo hapo, mgongo umeelekea sufuria, naimba. Nikaomba msamaha. Baadaye nikapika sombe, majani yale ya muhogo, nikaionja, nikaiona haina kitu. Nikaongeza pilipili, nikaongeza mafuta ya mawese, nikaongeza kitunguu saumu mpaka watu wakarudisha sahani. Ulimi wangu umebaki unajua chumvi, sukari na uchungu, basi. Vingine vyote kumbe tulikuwa tunavila kwa pua, Mama, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kilichonimaliza ni mukeke, samaki wa ziwa letu. Nilikuwa nimeusafisha mwenyewe, nimeukaanga vizuri, rangi nzuri, nikampelekea mwalimu mmoja mzee anayekula hapo kila siku. Aliweka kipande mdomoni akakitoa na kukifunika kwa karatasi, taratibu, ili asiniaibishe. Samaki alikuwa ameoza. Mimi niliyefundishwa na wewe kumkataa muuzaji kabla hajafunua beseni.

Mama Kevine alinikalisha nyuma, kwenye ndoo za maji. Hakunigombeza.

"Riziki, mi sikufukuzi," aliniambia. "Lakini watu wanakuja kwangu sababu ya mukono wako. Sasa nifanye nini?"

Nikaosha vyombo kwa muda. Halafu akapata mpishi mwingine, msichana aliyetoka mkoa wa Ngozi, na vyombo vikawa havitoshi watu wawili.

Mwenye nyumba yetu, Mzee Ramadhani, ndiye aliyesema kamyo ile ina asiransi na asiransi lazima ilipe. Ni fundi wa magari aliyestaafu, Mwislamu wa hapa hapa mjini tangu babu zake, na amezunguka sana kwenye ofisi hizo kwa ajili ya magari ya watu. Akakubali kunisindikiza. Njiani aliniambia kwamba gari lililogongwa halina matata: taa ina bei yake dukani, mlango una bei yake, unajumlisha. "Mutu ndiye hana duka," alisema. Nilicheka siku hiyo.

Asiransi wakanituma kwa munganga wao, daktari wa kampuni. Nikamwambia nesi kwamba tangu ajali sisikii, sisikii harufu yoyote. Alikuwa anaandika Kifaransa haraka haraka, watu wamejaa kwenye benchi. Nikaitwa chumbani, nikavalishwa vitu masikioni, nikaambiwa niinue kidole kila nikisikia mlio. Mimi mshamba nikadhani pua nayo hupimwa kwa njia hiyo, nikainua kidole kila mara. Jibu likaja kwamba Madame Riziki masikio yake ni mazima kabisa, kwa hiyo asiransi haina la kulipa.

Yule nesi alikuwa ameandika "sisikii" na kuacha "harufu". Mzee Ramadhani alipoisoma ile karatasi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaikunja, kwa kuwa alijua maana yake ni kuanza upya. Na kweli tulianza upya, tukaenda, tukarudi, tukaambiwa mwenye faili yuko likizo, mpaka mvua zikaisha.

Hatimaye nikapelekwa kwa daktari wa pua. Mwanamke mpole, mtu mzima. Alinifunga macho kwa kitambaa akaniletea vitu karibu na uso, kimoja kimoja, akiniuliza ni nini. Mama, sikujua kama kuna kitu mbele yangu au hakuna. Cha kwanza sijui. Cha pili sijui. Nikaanza kutokwa na jasho kama mtoto asiyejua somo. Kisha kikaja kimoja, nikasema kwa furaha, "Kahawa!" Naye akasema ndiyo, ni kahawa, na nikasikia kalamu ikiandika.

Kwa muda mfupi sana niliamini nimepona. Lakini nilijua jinsi nilivyojua: kikombe kilikuwa cha moto, mvuke ulinigusa mdomo. Nikafungua kitambaa mwenyewe nikamwambia, "Dokta, futa hiyo. Nimesikia joto tu." Alinitazama, akafuta. Akaniambia mshipa unaobeba harufu ulikatika kichwa kilipotikisika, na kwa muda uliopita, asingependa kunidanganya kwamba utaunga.

Nililia kwenye ngazi zake. Mzee Ramadhani alikaa mbali kidogo na kuzungusha tasbihi yake, akaniacha nimalize.

Baada ya hapo ndipo hesabu yenyewe ilipofanywa, na hii ndiyo sehemu ninayotaka umweleze Yaya Mateso naye aielewe. Anayeifanya anaitwa Bwana Dezire. Si mtu mbaya. Alitupa viti, akatueleza. Kila kiungo cha mtu kina asilimia yake kwenye kitabu chao: mguu, jicho, kidole gumba. Pua isiyosikia imo, lakini iko chini sana, karibu na meno. Asilimia hiyo wanaizidisha na mshahara wako na miaka uliyobakiza kazini. Kisha wanaongeza gharama za hospitali ulizo na risiti zake, na kitu kidogo cha maumivu.

Akaniuliza mshahara. Mama Kevine alikuwa amenipa karatasi yenye muhuri wa restora, lakini Bwana Dezire alisema bila mkataba haina nguvu, hivyo ataniweka kwenye mshahara wa mtu asiye na kazi maalumu. Nikamwambia mimi ni mpishi. Akasema anaamini, ila mkubwa wake atauliza kwa nini mpishi huyu, ambaye mikono na macho yake ni mizima, asiuze nyanya au kufua nguo. Mzee Ramadhani akabisha sana, akataja tribinali, kwamba tutawapeleka mahakamani. Bwana Dezire akasema ni haki yetu, na kwamba huko tunaweza kupata zaidi, lakini ni miaka, na wakili anataka kula kila mwezi wa hiyo miaka.

Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza ni kitu gani kingine nimepoteza.

Nikamwambia. Nikamwambia maziwa ya mtoto nayaonja kwanza kila mara, na bado siku moja nilimpa yaliyochacha akatapika mpaka jioni. Kwamba akijichafua sijui mpaka nimwone analia. Kwamba nikitoka kuoga namwuliza mume wangu kama nanuka, na yeye anaona haya kunijibu. Kwamba nikiweka uso kichwani kwa mwanangu ni kama nimeweka uso ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika hata neno moja.

"Madame, nimekusikia," alisema. "Lakini hiyo sina pa kuiweka."

Tukaondoka bila kusaini. Mzee Ramadhani alisema tukatae, wanajua nimechoka na ndiyo maana wanatoa kidogo. Baba Neema alisema niamue mwenyewe, pua ni yangu. Nilikuwa nimeelekea kukataa, Mama. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimeshamwuliza mtu jina la wakili.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo, mchana, nilikuwa nashona kifungo mlangoni, mbabula ya makaa nimeiacha ndani kidogo kwa sababu ya upepo, Neema amelala kwenye godoro la chini nyuma yangu. Mke wa Mzee Ramadhani aliingia bila kubisha hodi, akanisukuma, akamnyakua mtoto. Kaa moja lilikuwa limeruka. Blanketi lilikuwa linaungua polepole bila moto, shimo lenye ukingo mwekundu, karibu na miguu yake. Yule mama alikuwa bombani nje ya ua. Alisikia harufu kutoka kule, akaacha ndoo yake ikimwagika. Mimi nilikuwa hatua mbili.

Neema hakuungua, usishtuke. Alilia kwa kuamshwa tu. Lakini baada ya siku ile sikutaka tena mwaka mmoja wa ofisi, sembuse mitano. Nilitaka tupate chumba ambacho jiko liko nje, na nilitaka watu waache kuniuliza pua yangu ilikuwa inafanya kazi gani. Nikarudi kwa Bwana Dezire nikasaini. Mzee Ramadhani hakukubali kuingia, alinisubiri chini ya ngazi. Nilipomaliza, Bwana Dezire alisimama akanipa mkono, akasema, "Pole, Madame. Kama lingekuwa jicho, ningeweza kukusaidia vizuri."

Niliposhuka hizo ngazi nilijikuta natamani lingekuwa jicho. Sijamwambia mtu hilo isipokuwa wewe.

Sasa hela. Deni la hospitali lilikula nusu kabla hazijafika mkononi. Tumehama chumba, uani kwa Mzee Ramadhani huyo huyo, jiko liko nje chini ya mabati. Zilizobaki nimeanzia meza ndogo barabarani: chumvi, sabuni, viberiti, sukari. Vitu visivyooza. Hakuna kiwanja, hakuna mabati ya Yaya Mateso. Nimesikia kwamba ameshayachukua kwa mkopo akitaja jina langu. Mwambie kwa upole, Mama, lakini mwambie: ayarudishe. Nimelipwa, na zimeisha. Akikasirika, mwache akasirike, ila asiniite mchoyo mbele ya watu.

Nisalimie Shangazi Feza, macho yangu na sauti yangu kwako leo; mwambie namshukuru kwa kusoma na kwa kunyamaza. Nisalimie Koko, baba yako, kama bado anaenda kanisani kwa miguu. Nisalimie mke wa Yaya Mateso, ambaye hana kosa lolote katika haya, na watoto wake wote. Nisalimie Mjomba Bulongo, mdogo wako, aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita. Baba Neema anakusalimu, na anakuomba usimsahau katika sala zako.

Kuna jambo moja nakuomba na mimi. Zamani nikikukumbuka, ulikuwa unakuja na harufu yako: moshi, sabuni ya mawese, na kitu kingine ambacho ni chako tu. Siku hizi nakuona vizuri na kukusikia, lakini ile haiji, nalala nikiitafuta. Mwambie Shangazi aje karibu nawe, akusikie harufu, kisha aniandikie ikoje, kwa maneno. Aandike yote, hata akiona ni upuuzi. Nitamsomea Neema.

Mimi mwanao,
Riziki